Kiwanja cha Mwalimu Lazaro

Mjukuu wangu alirudi kutoka mpirani na goti limevimba, akajipaka dawa ya kuchua aliyouziwa na mafundi magari walio nyuma ya nyumba yetu hapa Sakina, watu wanaouza kila kitu isipokuwa ufundi. Harufu ilipopita mlangoni nikaacha kuchambua mchele. Mkaratusi na mafuta ya mnyama. Nikasema kwa sauti, "Nani kamwingiza Mwalimu Lazaro humu ndani?" Mjukuu akamtazama mama yake kwa jicho lile ambalo ninyi wa umri wangu mnalijua, la kuulizana kama bibi ameanza.

Bibi hajaanza. Ila siku chache kabla ya goti hilo alikuja kijana mmoja kutoka kwetu mlimani, amevaa tai, akanieleza kwamba kamati imeamua kiwanja cha shule kiitwe kwa jina la Mwalimu Lazaro, na kwamba mimi, kama mmoja wa wanafunzi wake wachache tuliobaki, niseme neno siku ya kufungua.

"Neno gani?" nikamuuliza.

"Fupi tu, bibi. Mazuri yake."

"Na yale mengine?"

Akacheka kwa adabu, akanywa chai yake, akaaga. Akaniacha na kazi ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu siku hizi ni kutoka kitandani hadi kibarazani, na nikifika nakaa kwanza. Hata utotoni nilikuwa hivyo. Kaka yangu Anaeli aliniita Konokono kabla sijang'oa meno ya utoto, akidai natembea na nyumba mgongoni na mvua ikidondoka naingia. Nimesoma mpaka sekondari, nikaiona dunia kwenye ramani, nikaridhika. Kwa hiyo mtu anayewasimulia habari za mbio hapa ni mtu aliyekimbia mara moja tu maishani mwake, na mbio zenyewe nitazifikia.

Mwalimu Lazaro alifundisha katika shule ya misheni huko kwetu, upande wa Meru, enzi za Mwingereza. Alifundisha hesabu na kuimba, lakini jina lake lilikuwa kwenye mbio. Jioni baada ya masomo aliwachukua wavulana wake kutoka kanisani, wakashuka kati ya migomba na kahawa mpaka tambarare za Kikwe, wakageuka wakapanda tena, naye akiwa katikati yao, kaptura ya kaki, filimbi imening'inia shingoni, hapumui kwa mdomo. Siku ya Ijumaa hakukuwa na mbio. Siku hiyo alituketisha watoto wote juu ya gogo mbele ya shule, wavulana kwa wasichana, akatoa pini yake, akaipitisha motoni, akatutoa funza mmoja mmoja. Alikushika mguu kama mtu anayeshika yai. Akimaliza alikupaka ile dawa yake, mafuta ya kondoo yaliyochemshwa na majani ya mkaratusi, halafu anasema, "Haya, mguu wa serikali huo. Utunze." Nadhani alitujua kwa nyayo kuliko kwa nyuso. Mimi niliamini kwamba mbio zinakaa ndani ya kidole gumba na funza ndiye anayezizibia njia, na kwamba siku moja Mwalimu akinichokonoa vizuri na mimi nitapaa. Sikupaa. Anaeli ndiye aliyepaa.

Kulikuwa na mzungu mwenye shamba kubwa la kahawa kule chini, aliyezoea kuwaachia mbwa watoto waliokatiza mpakani kwake. Siku moja aliwaachia wavulana wa Mwalimu. Anaeli alitusimulia kwamba Mwalimu aliwapanga wote nyuma yake, akasimama katikati ya njia, akaanza kumwambia yule mzungu maneno ya Kiingereza, polepole, kama anayesoma kitabu darasani. "Sisi hatukuelewa hata neno moja," Anaeli alisema, "lakini mbwa walielewa, wakarudi." Nyumbani kwetu hadithi hiyo ilirudiwa mpaka baba akaanza kuisimulia kama vile na yeye alikuwepo.

Basi muelewe kwamba mtu huyu hatukumpenda kwa kulazimishwa.

Mwaka ule ninaousema, wazee walifungua jando. Kwetu jando halikuwa jambo la kila mwaka. Lilifunguliwa, ngariba akaja kutoka upande wa pili wa mlima, wavulana waliofikia umri wakapita, na lilipofungwa wale waliopita wakawa rika moja, wenye jina moja, mpaka kufa kwao. Rika lilikuwa ndilo linalokuoza, linalokuzika, linalokutengea nafasi nyama inapogawanywa. Likishafungwa limefungwa miaka mingi, na aliyebaki nje alibaki mtoto. Hata akiota ndevu aliitwa layoni, jina la Kimasai la asiyepita kisu, na jina hilo lilitoka mdomoni mwa watu kama kitu kinachotemwa. Ukristo wetu wa Kilutheri ulikuwa umeondoa mengi, lakini hilo ulilizunguka ukaenda zake.

Anaeli alikuwa amefikia umri. Mwaka huohuo, mjini Arusha, kulikuwa na mashindano ya shule, na kijana aliyetoka kisuni hakimbii. Anakaa ndani mpaka apone, analishwa mpaka anenepe, msimu mzima wa mbio umepita.

Mwalimu alikuja kwetu jioni, akakaa kwenye kigoda cha wageni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali pangu pa kudumu.

"Mzee," alimwambia baba, "kikombe kile tukikileta hapa, misheni haitakuwa na la kusema. Watatuongezea madarasa. Watoto hawatalala tena mbali na mama zao kwa ajili ya kusoma. Na anayeweza kukileta ni mmoja tu, ni huyu wako."

"Na rika lake, Mwalimu?"

"Nimeshazungumza na wazee. Watamsubiri. Ngariba anarudi mara ya pili baada ya mashindano."

"Wamesema hivyo kwa midomo yao?"

"Mzee, mimi nikudanganye wewe?"

Mama alikuwa anakoroga loshoro, mahindi na maziwa mgando, na mwiko ukasimama kidogo ndani ya chungu. Baba akasema, "Kama ni Mwalimu aliyesema, basi." Naye Anaeli, aliyekuwa amesimama nje dirishani akijifanya anafunga mbuzi, akaruka juu kama aliyekanyaga moto.

Wenzake wakaanza kupungua. Wiki hii alikosekana huyu njiani, wiki ijayo yule. Hatukuulizana walikokwenda. Wadogo zao ndio walioachiwa kazi ya kutukana. Anaeli alipopita akikimbia na wavulana wa Mwalimu, walikaa juu ya ukingo wa barabara wakapiga kelele, "Layoni! Kaza mwendo, kisu kiko nyuma yako!" Ikawa wimbo. Anaeli anakimbia kisu. Nyumbani alikula kidogo, akalala mapema. Siku moja nikamuuliza kama maneno yale yanauma. "Yangeuma kama yangekuwa kweli," akasema. "Mwalimu kasema watanisubiri. Wewe Konokono, umewahi kumsikia Mwalimu akikosea hesabu?"

Sikuwa nimewahi.

Siku moja kabla ya mashindano Mwalimu aliwachukua wavulana wake wakashuka mjini. Asubuhi iliyofuata mama akanipa kibuyu cha maziwa nimpelekee mke wa Mwalimu, kama shukrani. Mke wa Mwalimu alikuwa na mbwa mwekundu aliyefungwa mlango wa mbele, na mimi na mbwa huyo hatukuwa na maelewano, kwa hiyo nikazunguka nyuma kupitia migombani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha kuwekea majani ya ng'ombe. Nikasikia watu wakiongea chinichini. Nikachungulia.

Alikuwa Zakaria, mtoto wa kwanza wa Mwalimu. Tuliambiwa Zakaria yuko Moshi, shuleni. Sasa hapo alikuwa amelala chali juu ya majani makavu ya mgomba, amefunikwa shuka, magoti ameyainua, uso umemvimba kwa kushiba. Vijana wawili wakubwa walikuwa wamekaa kando yake, mmoja anakoroga supu yenye mafuta ya kondoo. Yule mwingine akaniona. Akainuka kwa hasira ambayo sikuwahi kuelekezewa na mtu mzima.

"Toka! Nani kakuleta hapa? Msichana haji hapa! Toka!"

Maziwa nikayaacha hapohapo chini ya mgomba. Akili yangu ilifanya hesabu yake haraka: Zakaria amerudi kutoka Moshi mgonjwa, amefichwa, na watu wanafukuzwa wasimkaribie. Tulikuwa tumefundishwa shuleni ugonjwa gani watu hufichwa hivyo. Nikaenda nyumbani ninalia.

"Mama, Zakaria ana ndui."

Mama alikuwa anachambua maharage pamoja na jirani yetu. "Zakaria yuko Moshi."

"Hayuko. Yuko kwenye kibanda cha majani, nyuma. Anakufa."

"Anakufaje?"

"Amelala chali, kajifunika shuka, kainua magoti hivi. Wanampa mafuta ya kondoo. Wamenifukuza, wamesema msichana haji pale."

Jirani akaangua kicheko. Alianza kucheka kama wanawake wanavyocheka mtoto akisema jambo asilolijua, mkono mdomoni, akamtazama mama ili wacheke pamoja. Mama hakuwa anacheka. Kicheko cha jirani kikafia njiani. Ungo ukateleza mapajani mwa mama na maharage yakatawanyika, na hakuna aliyeinama kuokota.

"Amempeleka wa kwake kisuni," mama akasema polepole. Halafu akanishika mabega. "Baba yako yuko mtoni, kwenye mashine ya kahawa. Kamwite. Usitembee, unanisikia? Kimbia."

Ndizo mbio zangu. Nilikimbia kuteremka ule mteremko wote, matawi ya kahawa yakinichapa usoni, nikiwa bado nafikiri nakimbia kumwokoa Zakaria na ndui. Sikuona hata kidogo kwamba yule niliyekuwa namkimbilia ni kaka yangu.

Baba alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya kahawa iliyomenywa. Hakuniuliza mara mbili. Tulipitia nyumbani akavaa viatu vyake vya kanisani, kisha kwa mzee mmoja ambaye ngariba alikuwa amefikia kwake. Mzee alikuwa anaota jua mbele ya nyumba.

"Shikamoo," nikasema. Hakuitikia, alikuwa anamtazama baba.

"Mzee wangu," baba akasema, "ngariba anarudi lini mara ya pili?"

"Mara ya pili gani?"

"Baada ya mashindano ya shule."

Mzee akakunja uso. "Mwalimu alikuja na maneno hayo. Tukamwambia hapana. Tukamwambia siku ya mwisho ni leo, jua likizama tunafunga. Hakukwambia?"

Baba akainua macho kutazama jua lilipofikia. Kisha akasema, "Nipe mpaka jua lizame."

"Jua si langu," mzee akasema. "Lakini nenda. Mlete. Nitamwambia ngariba anywe taratibu."

Nilidhani nitarudishwa kwa mama. Baba akanishika mkono. "Wewe unakuja. Utasema mbele yake ulichokiona." Tukashuka kwa mguu mpaka tukapata lori la Mhindi mmoja lililojaa ndizi za kwenda sokoni. Dereva akaturuhusu tukakaa juu ya mikungu. Tulipita Moshono vumbi likitufunika, na baba alikuwa anatazama jua tu, kama mtu anayemchunga mwizi.

Kiwanja cha mjini kilikuwa kimezungushiwa kamba. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi namna ile. Wazungu walikuwa wamekaa chini ya turubai, Bwana Mkubwa wa wilaya katikati na kofia yake nyeupe, na pembeni mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekitoa kikombe, kikombe chenyewe kikiwa juu ya meza, kinang'aa mpaka kinaumiza macho. Wavulana walikuwa wanajipanga kwenye chokaa. Nikamwona Anaeli, miguu mitupu, imepakwa dawa mpaka inameremeta.

Mwalimu alitufikia kabla hatujamfikia. Alikuwa anatabasamu. "Mzee! Umekuja kumwona kijana wako!"

"Nimekuja kumchukua, Mwalimu."

"Kumchukua? Wanaanza sasa hivi."

"Sema," baba akaniambia.

Nikasema. "Zakaria ana ndui."

Sitasahau uso ule. Tabasamu halikuondoka, lilibaki pale bila mwenyewe. Akachuchumaa mbele yangu kama alivyokuwa akichuchumaa Ijumaa na pini yake, nikainusa harufu yake, mkaratusi na mafuta, na kwa mara ya kwanza maishani harufu hiyo ikanitia hofu.

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona. Kwenye kibanda cha majani."

Akainuka. Hakunitazama tena. Alitazama viatu vya baba, kwa sababu baba alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Mzee, ni maili moja tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Akimaliza tu, mnaondoka. Gari la misheni liko pale. Nitawapeleka mimi mwenyewe. Kabla jua halijazama mtakuwa mmefika. Maili moja, mzee. Ni madarasa ya watoto wa mlima mzima, na ya huyu wako mdogo hapa."

Baba yangu alikuwa mtu wa kumshika fahali pembe akamlaza. Lakini mbele ya mwalimu alikuwa amevua kofia, na mtu akishavua kofia mikono yake inapata kazi ya kuishika. Huyu ndiye aliyetufundisha kusoma. Huyu ndiye aliyewarudisha nyuma mbwa wa mzungu. Baba akaizungusha kofia, akaizungusha, akasema, "Maili moja."

Nimeyarudia maneno hayo mawili kichwani mwangu kuliko aya yoyote ya Biblia.

Anaeli alishinda. Ningependa kuwaeleza vizuri alivyoshinda, lakini nilikuwa mfupi, niliona migongo ya watu na kusikia kelele zikizunguka kiwanja. Baba ndiye aliyeona, na baba alikuwa anatazama jua. Nilisikia jina la shule yetu likitangazwa kwa Kiingereza, na Mwalimu akilia machozi mbele za watu bila aibu.

Halafu ikaja shughuli ambayo hakuna aliyeikumbuka kuihesabu. Bwana Mkubwa alikuwa na hotuba. Mhindi alikuwa na hotuba. Kikombe kikatolewa, kikarudishwa mezani, kikatolewa tena ili mpiga picha apate vizuri. Bendi ikapiga wimbo wa mfalme wao na watu wote wakasimama wima. Baba akavuka kamba akamshika Anaeli mkono, askari akamrudisha. Gari la misheni lilikuwepo, lakini dereva hakuweza kuondoka mpaka watoto wote wapatikane, na watoto walikuwa wametawanyika madukani wakitazama baiskeli. Mwalimu alikimbia huku na huku akipuliza filimbi, na ninaamini, hata leo ninaamini, kwamba saa ile alikuwa anakimbia kwa kweli.

Ndani ya gari Anaeli alikuwa bado na utepe wa ushindi kifuani. Alikuwa anacheka na wenzake. Kisha akaona sura ya baba.

"Baba, kuna nini?"

Baba akatazama nje. Akanitazama mimi, na kwa sababu mimi sijui kuficha kitu, nikamwambia nilichokiona kibandani.

"Zakaria yuko Moshi," akasema Anaeli. "Si ndiyo, Mwalimu? Yuko Moshi."

Mwalimu alikuwa amekaa mbele na dereva. Aligeuza kichwa nusu, akakirudisha. Anaeli akaanza kuutoa utepe, taratibu, pini ikamchoma kidole, akaendelea kuutoa.

Tulipofika kwa mzee, mlima ulikuwa umeshaingia giza la migomba, lile linalowahi kuliko giza la watu. Walikuwa wamekwisha kunywa mbege ya kufunga jando, pombe yetu ya ndizi. Ngariba alikuwa ameshashika njia.

"Tulisubiri," mzee akasema. "Tulinywa taratibu mpaka ikawa aibu."

"Mzee wangu," baba akasema, "ngariba hajafika mbali. Kijana huyu ana miguu."

"Najua ana miguu. Mji mzima unajua." Mzee alisema hivyo bila dhihaka. "Nikimfungulia wa kwako, kesho nitamkatalia nani? Limefungwa, baba. Mpeleke mwanao akapumzike."

Anaeli alikuwa nyuma yangu. Nikageuka nimwone kama analia. Alikuwa amekaa chini, anajitazama nyayo.

Mwalimu alikuja kwetu baada ya siku chache, na wazee wa kanisa wawili, na jani la sale mkononi, lile jani refu la mimea ya mipakani, amelifunga fundo. Ninyi wa kwetu mnajua. Ukipewa sale huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama aliyekukosea amekuchomea nyumba. Baba akalipokea. Mama alikuwa amegeukia jikoni, akabaki hivyo hivyo, amempa Mwalimu mgongo, na mgongo ule hakuwahi kuugeuza mpaka alipokufa.

"Sikuwa na njia nyingine ya kupata madarasa," Mwalimu alisema.

"Wa kwako ulimpatia njia," baba akasema.

Mwalimu akainamisha kichwa. Baadaye, alipokuwa anaondoka, akaniona nyuma ya mlango wangu. "Huyu," akawaambia wazee wa kanisa, "huyu nitamfundisha mimi. Atafika mpaka mwisho."

Na madarasa yalikuja. Kikombe kilifanya alichosema kitafanya. Misheni ilijenga, benchi la wasichana likawekwa katika madarasa ya juu, mimi nikakaa juu yake nikiwa na uvivu wangu, na Mwalimu Lazaro akanifundisha jioni, bila malipo, bila kuchoka, mpaka nikapata nafasi ya kuendelea. Siku niliyoondoka kwenda sekondari alinisindikiza mpaka barabara kuu akinibebea sanduku kichwani, mwalimu mzima. Tuliagana bila kulitaja jina la Anaeli. Nilijaribu kumchukia njia nzima. Nikagundua kwamba hata chuki yangu naitamka kwa maneno aliyonifundisha yeye.

Anaeli alikuja kutahiriwa hospitali, mtu mzima, na mganga aliyekuwa anapiga mluzi. Alioa kwa kuchelewa. Alilima kahawa yake vizuri. Kwenye shughuli, nyama ilipogawanywa na wazee wakaketi rika kwa rika, yeye alisimama kando, na aliyemuuliza yeye ni wa rika gani alijibiwa, "Rika langu ni mimi peke yangu. Hatujawahi kugombana kwenye nyama." Watu walicheka. Alikuwa hodari wa kuwachekesha wasije wakamhurumia.

Kijana wa tai alipoondoka nyumbani kwangu, nilimpigia Anaeli simu.

"Wanataka niseme mazuri yake," nikamwambia.

"Basi sema. Yapo."

"Na wewe?"

"Mimi ni moja ya mazuri yake, Konokono. Kikombe si kiko kabatini shuleni?"

Siku ya kufungua nilibebwa kama gunia nikaingizwa garini. Kiwanja ni kizuri, kina nyasi. Nilipopewa nafasi nilisema kwamba mtu huyu alinitoa funza, akanipa kusoma, na kwamba alijua jando linafungwa lini, akampeleka mwanawe, akamficha kaka yangu habari hiyo. Nikasema vyote viwili ni kweli na sijui namna ya kuviweka kwenye kibao kimoja, wao wenye kamati watajua. Kijana wa tai alipiga makofi kwa kuchelewa.

Kisha nyama. Wazee wakakaa rika kwa rika kwenye mabenchi chini ya mahema. Anaeli akasimama mahali pake, kando, fimbo mkononi. Zakaria alikuwa benchi la pili, mzee mnene, mpole, mwenye macho ya baba yake. Akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Anaeli. Njoo ukae hapa."

Kaka yangu akaegemea fimbo yake.

"Nimezoea kusimama, Zakaria."

Zakaria hakubishana. Akashika goti, akashika bega la jirani yake, akainuka kwa shida, kipande chake cha nyama mkononi, akaja akasimama kando ya Anaeli. Walikula hivyo, wazee wawili wamesimama mbele ya kiwanja chenye jina la baba wa mmoja wao, mpaka nyama ikaisha.

Mimi nilikuwa nimekaa. Miguu ilitaka kunyanyuka, nikaisikia inataka, mguu wa serikali huo, lakini Zakaria alipoanza kutetemeka kwa kuchoka, Anaeli alishatoa bega lake, na hapakuwa na kazi tena ya kukimbiliwa.